Stenti imeziba tundu la ateri na vena: jinsi ya kumfuatilia mgonjwa kwa picha

Kijana alichomwa kisu pajani, kidonda kikashonwa, akarudi nyumbani. Miezi ikapita, mguu ukaanza kuvimba, mishipa ikatokeza juu ya ngozi, na kila aliyeweka kiganja kwenye lile kovu alihisi mtetemo kama wa paka anayekoroma. Kisu kilikuwa kimetoboa ateri na vena kwa pamoja, matundu mawili yakaungana yalipokuwa yanapona. Akapewa rufaa, akawekewa stenti (bomba dogo la nyavu za chuma) yenye utando ndani ya ateri, tundu likazibwa. Sasa amerudi hospitali ya mkoa na karatasi ya ruhusa yenye mstari mmoja: afanyiwe ultrasaundi ya Dopla, ile inayoonyesha mkondo na kasi ya damu. Lini, mara ngapi, na anayepima atafute nini, hakuna.

Mwongozo huu ni wa huyo anayepima: mtaalamu wa ultrasaundi, daktari wa zamu, tabibu. Ndugu wa mgonjwa akiusoma hatapotea pia. Nitatumia mguu kama mfano kwa sababu ndiko tatizo hili linakokutwa sana, iwe ni kwa kisu, risasi, au sindano ya kinenani wakati wa kupima mishipa ya moyo. Msisitizo wangu ni mmoja: ukianza na stenti utaona stenti tu. Anza na vena, kwa sababu vena ndiyo inayosema kama tundu limezibwa kweli.

Kabla ya yote, tenganisha mambo mawili. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu naye huwa na fistula, yaani njia inayounganisha ateri na vena, mkononi, na wakati mwingine huwekewa stenti. Ile ilitengenezwa makusudi. Mtetemo wake ukipotea ni dharura. Kwa mgonjwa wetu ni kinyume, mtetemo ukirudi ndipo penye tatizo. Kwa hiyo kwenye fomu ya kipimo usiandike "fistula" peke yake. Andika "fistula ya ateri na vena ya paja la kulia, iliyozibwa kwa stenti", la sivyo mgonjwa atazungushwa hadi kliniki ya figo, au akiwa mwanamke apelekwe kliniki ya fistula ya uzazi.

Hatua ya 1: Pata habari za stenti

Usipake jeli kabla hujajua unachotafuta. Omba ripoti ya upasuaji, na kadi ya stenti ambayo mgonjwa hupewa. Unahitaji kujua imewekwa kwenye ateri gani, ina kipenyo na urefu wa milimita ngapi, ni ya kujitanua yenyewe au ya kutanuliwa kwa puto, na kama imepita juu ya mdomo wa tawi lolote. Uliza pia kama palikuwa na kifuko cha damu pembeni ya ateri na kilikuwa na ukubwa gani.

Picha ya mwisho iliyopigwa mezani, baada ya stenti kufunguka, ni dhahabu. Mara nyingi imo kwenye CD ambayo mgonjwa ameiacha nyumbani chini ya godoro. Mwambie ailete. Kama karatasi hazipo kabisa, piga simu hospitali iliyomtibu. Dakika kumi za simu zitakuokoa na ripoti isiyo na maana.

Mwulize dawa. Wagonjwa wengi huruhusiwa na aspirini, na mara nyingi klopidogreli pamoja nayo kwa miezi ya mwanzo, zote za kuzuia damu kuganda. Ukikuta ameziacha kwa sababu ziliisha au kwa sababu "mguu umeshapona", hilo liandike mstari wa kwanza wa ripoti na mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Panga tarehe

Ratiba ya hospitali iliyoweka stenti ndiyo ya kufuatwa. Kama hawakutoa, mpango unaotumika mahali pengi ni huu: kipimo cha kwanza kabla ya kuruhusiwa au ndani ya mwezi mmoja, kisha mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, halafu mara moja kwa mwaka. Dalili ikitokea katikati, ratiba inavunjwa.

Kipimo cha kwanza ndicho watu wanachokiruka, na ndicho chenye thamani kuliko vyote. Ukikuta kasi ya sentimita 180 kwa sekunde mwezi wa sita na hujui ilikuwa ngapi mwezi wa kwanza, umeshika namba isiyo na ndugu. Huenda ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza kwa sababu ateri ni nyembamba kuliko stenti. Huenda imepanda kutoka 90 na mshipa unaziba.

Ila usikimbilie kupima siku ya pili ukakata tamaa. Utando wa stenti nyingi hizi ni wa PTFE, aina ya plastiki, na ukiwa mpya huweza kuwa na hewa ndani yake. Hewa huzuia mawimbi ya ultrasaundi, na utaona kivuli cheusi pale ulipotarajia damu. Hiyo si stenti iliyoziba. Pima juu yake na chini yake, andika ulichokiona, mrudishe baada ya wiki mbili tatu.

Hatua ya 3: Mikono kwanza

Weka kiganja juu ya kovu. Pakiwa na mtetemo, umeshapata jibu kabla ya kuwasha mashine. Weka stetoskopu na usikilize: mvumo usiokatika, unaopanda na kushuka kwa kila pigo, ni wa fistula iliyo wazi. Mvumo mfupi wa pigo tu waweza kuwa wa mshipa uliobana.

Kuna kipimo cha kale ambacho bado kinafaa. William Hunter alieleza hali hii mwaka 1757, kwa wagonjwa waliotobolewa ateri ya kiwiko wakati wa kutolewa damu kwenye vena, tiba iliyokuwa ya kawaida Uingereza wakati huo. Baadaye Nicoladoni mwaka 1875 na Branham mwaka 1890 wakaonyesha kwamba ukikandamiza fistula kubwa, mapigo ya moyo hupungua kasi palepale. Sababu ni kwamba damu iliyokuwa inakimbilia venani inalazimika kurudi njia yake, presha inapanda, moyo unatulizwa. Usifanye hivyo juu ya stenti mpya, hasa ile ya kutanuliwa kwa puto, maana yaweza kubonyea isirudi. Lakini ukisoma kwenye faili la zamani kwamba kipimo hicho kilikuwa chanya, ujue fistula ilikuwa kubwa na moyo nao unahitaji kuangaliwa.

Pima mzunguko wa shavu la mguu kwa utepe, miguu yote miwili, sentimita 10 chini ya goti. Tafuta pigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo. Kisha pima presha ya kifundo na ya mkono, ugawe ya kifundo kwa ya mkono. Kawaida jibu liko kati ya 1.0 na 1.4. Likishuka kwa 0.15 au zaidi kulinganisha na kipimo kilichopita, kuna kitu kinaziba hata kama mgonjwa hajalalamika. Mkanda wa presha uvishwe kifundoni, kamwe usivishwe paja lenye stenti.

Hatua ya 4: Ultrasaundi, kuanzia venani

Mlaze mgonjwa dakika kumi apumzike. Mtu aliyetoka kupanda ngazi ana mkondo wa damu uliobadilika, na utadhani ni fistula. Chumba kisiwe cha baridi. Tumia probu bapa ya megahezi 5 hadi 12 kwa paja la kawaida, na ile ya mviringo ya tumbo kwa paja nene au mishipa ya nyonga.

Sasa vena. Anza na mguu mzima, ule usio na tatizo, ili macho yazoee. Vena ya paja yenye afya hufuata pumzi: mgonjwa akivuta hewa mkondo unapungua, akitoa unaongezeka, na ukiminya shavu la mguu mkondo unaruka juu mara moja. Hamia mguu wenye stenti. Fistula ikiwa imezibwa utaona hivyohivyo. Ikiwa wazi, vena inapiga kama ateri, kasi iko juu, mkondo umevurugika na pumzi haibadilishi kitu.

Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza: vena iliyobeba damu ya ateri kwa miezi au miaka imetanuka, na haitarudi unene wake kwa wiki moja. Vena nene yenye mkondo unaofuata pumzi ni habari njema. Pima kipenyo chake ili safari ijayo uone kinapungua. Wa pili: mgonjwa mwenye moyo ulioshindwa upande wa kulia ana vena zinazopiga, lakini zinapiga miguu yote miwili. Ndiyo maana nimesema anza na mguu mzima.

Ukiwa bado kwenye vena, ibonyeze taratibu kila baada ya sentimita mbili kutoka kinenani hadi nyuma ya goti, ukipaacha pale pale penye stenti. Vena isiyobonyea ina bonge la damu. Hili watu hulisahau: vena iliyotanuka ilikuwa inasukumwa na mbio za ateri, ghafla mbio zimeondolewa, damu inatuama humo. Mguu uliovimba zaidi baada ya tiba unaweza kuwa na bonge hata kama stenti imefanya kazi yake vizuri kabisa.

Ndipo uende kwenye ateri, juu ya stenti. Ateri ya mguu uliopumzika ina sauti ya awamu tatu: inakwenda mbele kwa nguvu, inarudi nyuma kidogo, inakwenda mbele tena kidogo. Fistula iliyo wazi huiondoa ile ya kurudi nyuma, damu inatiririka mbele hata moyo ukiwa umepumzika, kwa kuwa chini yake kuna njia ya mkato isiyo na ukinzani. Awamu tatu zikirudi juu ya stenti, na vena ikifuata pumzi, una mashahidi wawili wanaokubaliana. Zisiporudi, kwanza angalia kama kuna kidonda au maambukizi kwenye unyayo, maana nayo huvuta damu.

Sasa stenti yenyewe. Ipitie kwa rangi kutoka juu hadi chini, kisha pima kasi sehemu nne: ateri ya juu yake, ncha ya juu, katikati, ncha ya chini. Pembe kati ya mwale wa Dopla na mkondo wa damu isizidi digrii 60, na iwe ileile kila safari. Kaa sana kwenye ncha. Stenti zisizo na utando hujaa nyama ndani, lakini hizi zenye utando hubana pale utando unapoishia na ukuta wa ateri unapoanza. Malizia na ateri ya nyuma ya goti na zile za kifundo.

Ukiona rangi zimetapakaa nje ya mshipa, kwenye nyama, usishangilie wala usiogope. Ni tishu inayotetemeka. Panua kipimo cha kasi hadi takataka zote ziishe na libaki doa moja linalong'aa. Hapo ndipo tundu lilipo. Fuata damu inatoka wapi. Ikitoka kwenye ncha ya stenti, stenti haikubana vizuri ukutani, na huyo arudi kwa waliomtibu mapema. Ikitoka kwenye mwili wa stenti, utando umechanika au vipande viwili vimeachana, naye ni wa haraka. Ikitoka kwenye tawi dogo linalozunguka kutoka ateri ya ndani ya paja, mara nyingi inaweza kusubiriwa na kuangaliwa tena, mradi mguu hauvimbi.

Kifuko cha damu, kama kilikuwepo, pima upana wake mkubwa kuliko wote. Kinatakiwa kijae damu iliyoganda na kusinyaa. Kikikua, kuna mvujo, hata kama rangi hujaiona.

Hatua ya 5: Namba zinasema nini

Ateri ya paja yenye afya hupitisha damu kwa kasi ya kilele ya kama sentimita 90 kwa sekunde, ya kinenani kama 115, ya nyuma ya goti kama 70. Gawa kasi ya mahali penye shaka kwa kasi ya ateri isiyobana iliyo juu yake. Jibu likifika 2, mshipa umebana kama nusu. Likifika 3.5, na kasi yenyewe ikiwa karibu 300, umebana vibaya na stenti iko hatarini kuziba.

Kasi ndogo nayo inaua stenti. Ukikuta chini ya 50 ndani ya stenti nzima, usiandike "hakuna mbano". Tafuta mbano juu au chini yake, kwa sababu damu inayojikokota kwenye utando huganda.

Namba moja isikutishe wala isikuridhishe. Angalia inakoelekea.

Hatua ya 6: Lini upeleke kwenye CT

Kama ultrasaundi inaonekana vizuri na haina shaka, CT (eksirei ya kompyuta ya vipande vipande) haina kazi. Kumpiga kijana wa miaka 24 CT kila mwaka kwa stenti isiyo na tatizo ni kumlimbikizia mionzi na kontrasti (dawa ya picha inayochomwa mshipani) bure. Mpeleke pale ultrasaundi ilipokosa kuona, ilipoona mvujo, au kifuko kinapokua. Stenti iliyo nyuma ya mtulinga ni kesi tofauti: mfupa unazuia probu, na huko CT hutangulia.

Kabla ya kwenda, pima kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo. Uwezo wa figo (eGFR) ukiwa chini ya 30, ongea na daktari kwanza, na kama anatumia metformini, dawa ya kisukari, isimamishwe na ianzwe tena baada ya saa 48 figo zikithibitishwa ziko sawa. Mwanamke aulizwe ujauzito. Mzio wa kontrasti uulizwe kwa maneno ya kawaida: "Dada, uliwahi kuchomwa dawa ya picha ukawashwa au ukabanwa pumzi?"

Kwenye maombi andika mambo matatu. Picha ziwe za awamu tatu: bila kontrasti, ya ateri, na ya kuchelewa. Miguu yote miwili iingie. Na kama stenti iko begani, sindano iwekwe mkono wa pili, kwani kontrasti nzito kwenye vena ya upande uleule itafunika kila kitu. Kanula iwe namba 18 au 20, kasi mililita 4 hadi 5 kwa sekunde, mashine ianze kwa kufuatilia kontrasti ikifika kwenye aota badala ya kukisia kwa saa.

Ukisoma, rudi kwenye vena. Katika awamu ya ateri vena zote mbili zinatakiwa ziwe nyeusi. Vena ya upande wa stenti ikiwa inang'aa na ya pili haing'ai, damu inavuka. Zote mbili zikiwa zinang'aa, picha imechelewa kupigwa na haiwezi kujibu swali hilo. Chuma cha stenti huonekana kinene kuliko kilivyo, na ukiangalia kwa dirisha la kawaida, yaani mpangilio wa weusi na weupe wa picha, utadhani ndani kumebana. Fungua dirisha hadi upana wa 1000 au 1500, kitovu 300 hivi, na utumie vipande vya milimita moja au chini yake.

Hatua ya 7: Vipimo vingine, kila kimoja na kazi yake

Eksirei ya kawaida ni rahisi na watu huidharau. Stenti iliyo karibu na kinena, goti au bega inakunjwa kila siku, na waya wake unaweza kukatika. Piga picha mbili, ya mbele na ya ubavu, na kwa goti ongeza moja likiwa limekunjwa. Mara moja kwa mwaka inatosha.

MRI, picha ya kutumia sumaku, si haramu kwa mwenye stenti. Za nitinoli (mchanganyiko wa nikeli na titani) kwa kawaida zinaruhusiwa kwa masharti yaliyoandikwa kwenye kadi. Tatizo ni kwamba chuma hufuta picha ya ndani ya stenti, na chuma cha pua hufuta zaidi, hivyo kwa swali letu haisaidii sana. Angiografia ya katheta, ya kuingiza mrija mshipani na kupiga picha, ibaki kwa mgonjwa ambaye mmeshaamua mnakwenda kumtibu upya mezani hapohapo.

Mgonjwa aliyeishi na fistula kubwa muda mrefu apigwe eko (ultrasaundi) ya moyo kabla na miezi kadhaa baada ya kuzibwa. Moyo uliokuwa unasukuma damu maradufu unatakiwa upungue ukubwa. Usipopungua, tafuta kama tundu limebaki.

Hatua ya 8: Mwambie mgonjwa, kisha andika

Mweleze kwa lugha ya nyumbani. "Kaka, mguu ukipoa ghafla, ukafa ganzi au ukauma sana, njoo saa hiyohiyo, usingoje kesho. Ule mtetemo ukiuhisi tena, njoo wiki hiyohiyo. Na ukipata homa huku paja linauma au limekuwa jekundu, njoo siku hiyohiyo." Mguu uliokosa damu una saa chache, kama sita, kabla misuli haijaanza kufa, na ndugu waliopo chumbani wanapaswa kulisikia hilo pia.

Ripoti iwe fupi, yenye namba ambazo mwenzako wa hospitali nyingine anaweza kuzilinganisha. Mfano:

"Dopla ya mguu wa kulia, mwezi wa 3 baada ya stenti ya mm 7 kwa 50 kwenye ateri ya paja. Vena ya paja: kipenyo mm 13 (mwezi wa 1 ilikuwa 16), inabonyea, mkondo unafuata pumzi, haipigi. Ateri juu ya stenti: sm 95 kwa sekunde, awamu tatu. Katikati ya stenti: 105. Ncha ya chini: 210, uwiano 2.2 (mwezi wa 1 ilikuwa 1.2). Ateri ya nyuma ya goti: 70, awamu tatu. Presha ya kifundo kwa mkono: kulia 0.98, kushoto 1.05. Maoni: tundu limezibwa. Ncha ya chini inaanza kubana, kama nusu. Anatumia aspirini, klopidogreli imeisha wiki mbili zilizopita. Aonwe na daktari leo. Kipimo kingine baada ya wiki 6."

Chapisha nakala mbili. Moja iende kwenye faili, ya pili apewe mgonjwa mkononi pamoja na picha za ncha zote mbili za stenti, na tarehe ya kurudi iandikwe juu kabisa kwa kalamu nene.